Jumamosi Niliyoikosea Ngoma ya Masukulu

Jumanne asubuhi. Ukungu umefika mlangoni, manyunyu hayakati.

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mugonile, kama tunavyosalimiana huku kwetu. Hamjambo huko mliko? Watoto wazima? Na wewe uliyeniandikia mwezi uliopita kwamba mgongo unakusumbua, umepata nafuu? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio uliokuwa unaumwa, na leo nimekuja hapa kwenye kompyuta niwaambie, maana nisipoutua mzigo huu nitalala nao tena.

Kwa mgeni anayenisoma leo: mimi ni mama wa Bulyaga, hapa Tukuyu mjini, elimu yangu ni darasa la saba. Kazini kwangu natunza funguo za chumba cha makumbusho. Ni chumba kimoja tu, chenye vyungu, mikuki, mawe ya kusagia na vigoda vya wazee waliokwishatutoka. Nafagia, nafuta vumbi, na naandika vile vikaratasi vya maelezo, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Huo mwandiko ndio ulioniponza. Mwanzoni mwa mwaka bwana utamaduni, mkubwa wangu wa kazi, aliniita akasema, "Mama Lusajo, kalenda ya matukio mwaka huu utaiandaa wewe."

Zamani kalenda ya nini? Siku ya sherehe ilitoka juu, mjumbe wa nyumba kumi anapita jioni, "Jumamosi kuna ngoma uwanjani," na mnakwenda. Tangu mambo yawe ruksa kila mtu ana siku yake. Kombe la mpira lina mfadhili, mwenye duka la jumla la soda. Kwaya zina mashindano yao, baiskeli zina mbio zao, na sisi wa makumbusho tuna siku ya kuwafungulia watu waone bila kiingilio. Bila karatasi moja ya kuwapanga, wanapigana vikumbo.

Basi nikaipanga. Nilizunguka ofisi, makanisa, vijiwe vya bao. Ilipotoka kwa mpiga chapa, na picha ya Mlima Rungwe juu yake, niliibandika sebuleni kwangu. Mgeni akija namkalisha kiti kile kinachoitazama.

Nilijisikia, nakiri.

Sasa kwenye kalenda hiyo kulikuwa na ngoma ya Masukulu, kijiji cha ukweni kwangu. Ni ngoma ya wazee, inachezwa mara moja kwa mwaka, na anayeiongoza ni baba mkwe wangu mwenyewe.

Hapa msiojua mila zetu nivumilieni kidogo. Kwetu mkaza mwana hakutani na baba mkwe. Nikimwona anakuja, napinda njia, naingia kwenye migomba, nachuchumaa na kuvuta kanga kichwani mpaka apite. Jina lake halitoki kinywani mwangu. Wachungaji walitufundisha kwamba si dhambi kumsalimia mkwe, na wadogo zetu siku hizi wanakula naye meza moja wakicheka. Mimi nimeolewa miaka ishirini na saba, nimezoea migomba yangu.

Kwa hiyo wengine wote niliwauliza siku zao mdomo kwa mdomo, ila yeye nilimtuma wifi yangu Tusekile, dada wa mume wangu, anayeishi naye pale Masukulu. Jibu likarudi: "Baba anasema ni siku zile zile."

Siku zile zile zipi?

Nilikaa na kalamu. Nikatafuta ya mwaka jana, ilikuwa Jumamosi ya nne ya mwezi huu. Nikaandika Jumamosi ya nne. Moyo uliniambia, tuma tena ukaulize. Nikaujibu, nikituma mara ya pili mzee atasema mkwe huyu hana adabu, anamrudisharudisha kama karani wa mahakama.

Sikujua kwamba mzee hahesabu kwa karatasi. Anahesabu kwa maharage. Ngoma yake ni Jumamosi ya kwanza baada ya maharage ya bondeni kuvunwa. Mwaka huu mvua ilikata mapema, maharage yakakauka mapema, na Jumamosi yake ikawa ya pili. Mtu wa Masukulu angejua kwa kutazama shamba. Mimi wa mjini nanunua maharage sokoni yakiwa kwenye gunia.

Jumamosi ya pili, kwenye kalenda yangu, ilikuwa fainali ya kombe la soda hapa Tukuyu. Na timu iliyofika fainali ni ya Masukulu.

Vijana wote wakaja huku na vuvuzela zao. Waliobaki kijijini walisikia ngoma inapasha, wakasema, hao wazee wanafanya mazoezi, siku yenyewe ni Jumamosi ya nne, karatasi imebandikwa dukani. Wakaendelea na palizi zao.

Wifi ndiye aliyenisimulia. Mzee aliamka alfajiri, akaiotesha ngoma moto mpaka ngozi ikakaza. Wenzake sita wakavaa njuga. Wakacheza mbele ya kuku na bibi mmoja kipofu aliyekuwa anapiga makofi. Saa nane mchana mzee akasimama, akaiweka ngoma chini, akasema, "Basi. Imekufa."

Jumatatu yake nikiwa nafagia chumba changu, pikapu ya ndizi ikasimama nje. Wifi akashuka. Nyuma ilikuwa ngoma, imefungwa kwenye mkeka. Baba mkwe ameituma makumbusho, ikae na vitu vya zamani.

"Ipokee," wifi akasema. "Na hiyo kalenda yako, wifi yangu, imeua ngoma kwa karatasi moja. Wamisionari walihangaika miaka mingapi wakashindwa!"

Alikuwa anatania. Mimi niliegemeza ufagio ukutani, nikaipokea.

Kitu kikiletwa makumbusho, kazi yangu ni kukiandika daftarini, halafu kukitengenezea kikaratasi: kitu gani, kimetoka wapi, kilitumika mpaka lini. Nilikata kikaratasi. Nikaandika "Ngoma". Nikaandika "Masukulu". Nikafika kwenye mpaka lini, kalamu ikagoma. Mwenye ngoma yuko hai, anakunywa chai yake, na mimi nimwandike kama marehemu?

Sikuiandika. Nikaiweka pembeni. Mnajua unyevu wa Tukuyu. Siku ya tatu ngozi ililegea kama shavu la mzee. Nikawa nawasha jiko la mkaa kila mchana, ingawa ni marufuku, nalisogeza karibu, naipapasa ngozi na kuomba.

Mume wangu yuko Mbeya kwenye ujenzi. Nilimpigia simu nikamweleza. Akasema, "Nyamaza tu. Baba hajui kuwa ni wewe uliyekosea. Atasahau."

Hapo ndipo palipouma. Ni kweli mzee hakujua, wifi alikuwa amenifichia. Alidhani watu wamemchoka.

Jumapili ilikuwa siku ya meza ya Bwana. Wenzangu walisimama kwenda mbele, mimi nikabaki kwenye benchi, natazama viatu vyangu. Jirani akaninong'oneza, "Unaumwa?" Nikatikisa kichwa. Mbele kabisa, upande wa wanaume, mzee wangu alikuwa anarudi kutoka mezani. Siku za ushirika hupanda kuja kusali kwetu mjini. Anatembea polepole, mabega yameshuka. Mwezi mmoja nyuma hakuwa hivyo.

Jana niliomba ruhusa kazini, nikaenda Masukulu.

Nilipitia nyuma, kupitia shambani, nikakaa kwenye kigogo nyuma ya jiko, uso kwenye migomba, mgongo kwa uwanja. Mzee alikuwa upande wa pili, anachambua maharage. Ukuta wa jiko tu ulikuwa kati yetu. Wifi akasimama kwenye kona, katikati, kama mkalimani wa mkutano.

"Baba, mkwe wako yuko nyuma ya jiko."

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Ana neno."

"Alete."

Nikalisema lote. Namwambia wifi, wifi anamwambia mzee, ingawa mzee alikuwa anasikia kila kitu kwa masikio yake. Ndivyo inavyofanyika. Na wifi hawezi kupeleka neno bila kulitia chumvi.

"Baba, anasema kalenda aliiandika yeye. Anasema siku yako aliibahatisha."

"Wifi, nimesema nilikosea."

"Kubahatisha na kukosea si ndugu? Baba, anasema ni ndugu."

Maharage yakaacha kudondoka kwenye ungo.

"Muulize," mzee akasema, "kama hakuelewa, kwa nini hakutuma tena?"

Nikasema, "Niliogopa. Niliona nitaonekana sina adabu."

Safari hii wifi hakulipeleka. Alikuwa anakuna mkono. Nilisikia kuku wanaparua, nikasikia mzee anavuta pumzi. Halafu akasema, bila kumpitishia wifi:

"Miaka yote hii namwona anaingia kwenye migomba hata mvua ikimpiga. Adabu yake naijua. Nilitaka kupishwa njia. Kuulizwa sikukataza."

Nililia. Nililia na kanga mdomoni ili asisikie, na nadhani alisikia, maana alikohoa kwa nguvu bila kikohozi.

Baadaye kidogo akasema tena, kwa sauti ya chini zaidi, "Mimi nilijua watu wamenichoka. Nikasema afadhali ikae na vyungu."

Wifi yangu, yule mwenye maneno, alikuwa anafuta macho kwa kiwiko.

"Hiyo karatasi inasema lini?" mzee akauliza.

"Jumamosi hii inayokuja, baba," wifi akajibu.

"Basi safari hii maharage yataifuata karatasi. Iletwe ngoma yangu. Lakini nisikilizeni wote wawili. Watu wakija, inalala hapa. Wasipokuja, inarudi Tukuyu, na mkwe wangu aandike kikaratasi chake. Nami sitaipiga tena."

Akaendelea kuchambua.

Niliondoka kwa njia ile ile ya shambani. Kabla sijafika mbali wifi alinikimbilia na kikapu, mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, bado za moto. "Baba anasema umetoka mbali, usiende na njaa." Nilikula njiani nikitembea, mwanamke mzima, machozi na ndizi pamoja.

Leo asubuhi na mapema nilimkabili bwana utamaduni. Nilimweleza kosa langu la kalenda na suala la ngoma, hata la jiko la mkaa. Akavua miwani.

"Uliiandika daftarini?"

"Sikuiandika."

"Basi haijaingia. Kitu ambacho hakijaingia mimi nitakizuiaje kutoka? Ichukue, Mama Lusajo. Na jiko hilo nisilione tena."

Pikapu imeondoka nayo kama saa moja iliyopita. Niliifunga mkeka mwenyewe, na kabla ya kuifunga niliigonga kwa kidole kimoja, kidogo tu. Ilijibu.

Kazi iliyobaki inanitisha kuliko kuungama. Hapa mjini habari imeenea kwamba ngoma ya Masukulu imekwisha, na imeshapelekwa makumbusho. Nimempa mwenye duka la soda tangazo akalibandika. Jioni nitamwomba mchungaji alitaje kwenye ibada ya katikati ya wiki. Lakini najua wengi wenu mnaonisoma ni watoto wa Rungwe mliotawanyika, mko Mbeya, mko Kyela, mko Dar, na mzee huyu wengine wenu aliwahi kuwabeba mabegani mkiitazama hiyo ngoma. Anayeweza kufika, afike. Asiyeweza, ampigie simu mama yake au mjomba wake aliye karibu, amwambie aende.

Ngoma ni Jumamosi hii, Masukulu, kuanzia saa nne asubuhi. Nimeuliza. Nimeuliza mara mbili.

Wifi anataka kujua apike sufuria ngapi. Tafadhali nijibu upesi, kabla ya Ijumaa, hata kwa neno moja tu: nakuja.