Mto Unaopumua Kila Siku ya Tatu

Jumatatu, 10 Juni 2019
Nimekokotoa kimo cha mto kwa mwezi wote. Theluji na halijoto vinaingia, kimo cha maji kinatoka. Programu yangu mwenyewe, inatumika mwaka wa pili sasa hapa Dushanbe. Kilele: mita 1.8. Bonde la nyasi hufunikwa maji yakifika mita mbili na nusu, kwa hiyo nimempigia Sohibnazar, mpima maji wa kijiji cha Obikabud: shukeni bondeni mkakate nyasi. Akasema, "Ukisema wewe, Ustadhi, tunabeba hadi watoto."
Lakini mchoro una meno. Mto unapanda kila siku ya tatu, unashuka, unapanda tena. Kwa nini?

Ijumaa, 14 Juni
Bado meno. Nimefikiria mawingu. Nimefikiria mbalamwezi — upuuzi. Mei programu ililalamika kwamba orodha ya theluji na ya halijoto hazilingani urefu. Nikafuta tarehe 31, ikanyamaza. Nikadhani imepona.
Pilau ya ofisini. Sikuisikia ladha.

Jumatano, 19 Juni
Mehrangez wa meza ya jirani ameutazama mchoro, mdomoni aprikoti.
"Ustadhi, halijoto umeingiza ngapi?"
Tatu, nikasema. 14, 17, 24. Wastani mmoja kwa kila siku kumi, kama tunavyopewa tangu enzi za Warusi. Tumelelewa na kumi-kumi.
"Na theluji namba thelathini? Basi mashine imezirudia tatu zako mara kumi, moja kwa siku. Thelathini inagawanyika kwa tatu, ilalamike nini? Mlango wa programu yako, babu, unapitisha hata punda."
Sikucheka. Joto lote la siku kumi za mwisho nimelitawanya mwezi mzima.

Alhamisi, 20 Juni
Nimeweka ukaguzi mwanzoni mwa programu. Ziwe namba, si maneno. Theluji na halijoto ziwe na idadi moja. La sivyo, simama. Mistari minne.
Nikamkumbuka afisa wa kivukoni, 1997, tulipokimbia vita Kunduz, Afghanistan, kuja huku. Kwenye karatasi watu watano, mashuani sita; akakataa kutuvusha sote. Mama akabaki ng'ambo siku mbili. Nimemchukia yule mtu miaka ishirini na miwili. Leo nimemwajiri, mlangoni pa programu.
Nikaingiza data ileile. Ikasimama: 30, 3. Nikazipanga halijoto siku kwa siku, kila moja kwenye siku zake kumi. Tarehe 22: mita 3.4.
Sohibnazar hapatikani. Simu ya nyumbani amepokea mkewe, Zarrina.
"Wako bondeni wiki nzima, Ustadhi. Wamepiga mahema. Si ulisema mita moja na kitu?"
Nimesema nilikosea. Nikamtajia: keshokutwa, mita 3.4.
"Kule ni mwendo wa siku nzima," akasema. "Usikate simu."
Naandika simu ikiwa sikioni. Nasikia anamwita shemeji yake, anataka farasi. Mlango. Mbwa. Sasa amerudi, anahema. Kabla hajamtuma mtu anataka neno moja: namba hii mpya, nani ameikagua?