Taa ya kupimia ya Masanja

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Bibi yako mzima, ila ananinunia. Unauliza kwa nini taa za dashibodi hazisikii swichi ya kupunguza mwanga. Umemuuliza fundi umeme bora wa Shinyanga nzima! Uongo huo; bora alikuwa rafiki yangu Masanja.

Miaka ya sabini nilibadilisha balbu zote za dashibodi ya lori la pamba, hazikuwaka. Masanja akaizungusha ile swichi mara mbili, zikawaka. Kumbe kutu tu.

"We mzee wa balbu, swichi hukuiona?"

Gereji nzima ilicheka. Nikanuna. Wiki ile alipokwenda kuchimba dhahabu Geita, sikumuaga. Shimo likamfukia.

Anza na swichi, halafu unirudishie ile taa ya kupimia umeme niliyokuazima. Ilikuwa yake.

Babu yako