Makala Yangu Imetajwa Shimoni

Mama mpenzi, shikamoo.

Leo nilikwenda Magarini kutazama udongo panapojengwa zahanati. Fundi mkuu alitaka kumwaga zege, lakini mhandisi, binti wa Kigiriama, akamzuia.

"Udongo huu ukilowa hudidimia. Mtafiti mmoja ameshaandika," akasema, akamsomea kwenye simu. Mama, ilikuwa makala yangu!

"Na huyo mtafiti yuko wapi?" fundi akauliza.

"Ni mimi," nikajibu.

Walicheka, kisha wakakubali kuchimba zaidi. Wasomi wenzangu hunitaja kila mara katika maandishi yao, lakini leo nimetajwa jengo likaokoka. Nimejivuna, wala sioni haya. Tukala samaki wa kupaka pamoja.

Mungu akutulizie goti lako. Nakubusu mkono.

Mwanao,
Saumu