Ndege Iliyopita Juu ya Lori Langu

Jumatatu, 4 Machi 1985
Nimepakia lorini mahindi kutoka Sugoi. Kiraka chekundu cha zamani kwenye turubai la kijani kimeachia, nimekishona upya. Kibaya, lakini mvua haitapita. Sahra yuko kwao tangu mwezi uliopita, mbele ya Lodwar, karibu na mpaka. Mimba ya kwanza mke hujifungulia kwa mama yake, ndiyo desturi yetu. Sikupinga. Lakini nyumba imenuna, na chai ninayojipikia hainyweki.

Jumanne, 5 Machi
Sista wa hospitali ya misheni hapa Eldoret ameniita. Redio yao imeongea na kule. Sahra ana uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya, damu inatoka. Nimeogopa. Sista anasema misheni ina ndege ndogo. Mawingu yakipungua, itamleta hapa.

"Ngoja hapa, Abdi. Ni saa moja na nusu tu."

Saa moja na nusu! Njia hiyo hunimalizia siku mbili, tena nikiwa na bahati. Ndege ni za mawaziri. Nani atairusha kwa ajili ya mke wa dereva? Nimeshusha mahindi yote, nimejaza mafuta. Kukaa siwezi. Naondoka.

Jumatano, 6 Machi
Lodwar nimeipita usiku. Sasa nimekwama kwenye laga, mto mkavu, mchanga mpaka kwenye ekseli. Tangu asubuhi tunachimba, mimi na wachungaji watatu. Nimelitukana lori matusi yote ninayoyajua, ya lugha zote.

Ndege ndogo imepita chini chini, ikielekea kusini. Watalii wa ziwani, nikasema. Wachungaji wamepunga mikono. Mimi sikupunga. Nilishika beleshi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimefika. Mlango wa boma la mama mkwe umezibwa kwa miiba. Hakuna moshi. Nikajua Sahra amekufa.

Mjomba wake akanifuata pale nilipochuchumaa.

"Sahra yuko Eldoret. Tangu jana."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Jana asubuhi watu walifukuza mbuzi kiwanjani, ndege ikatua, ikambeba na mama yake. Wakati nachimba, mke wangu alikuwa juu ya kichwa changu. Nimekuja mpaka huku kumfuata mtu aliyekuwa anakuja kwangu.

Nimecheka. Halafu nimelia mbele ya wakwe. Sijali.

Jumamosi, 9 Machi
Eldoret. Sahra yuko hai.

Mtoto alizaliwa Jumatano mchana. Mvulana. Alipumua kidogo tu. Kwetu maiti hailazwi. Walinitafuta nyumbani, wakanitafuta madukani, wakamzika kabla ya magharibi. Hassan wa bucha ndiye aliyemshusha kaburini. Ilikuwa kazi yangu. Amekuja kunipa pole. Sijui nimshukuru au nimpige.

Mwanangu amezaliwa na kuzikwa hapa mjini. Mimi nilikuwa nachimba mchanga.

Jumapili, 10 Machi
Mvua. Mama mkwe amesinzia kwenye mkeka. Sahra ameongea leo. Hakuuliza kwa nini sikungoja.

"Walinilaza karibu na dirisha. Nikaona kiraka chekundu huko chini. Mama akasema si lori letu, lakini nilijua ni wewe unakuja."

Nikamwambia ndiyo, nilikuwa nakuja. Akaomba maji, nikampa.

Jioni nilienda makaburini. Kutoka hospitali si mbali. Nilienda kwa miguu.