Shati la Fundi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekupa nafuu, na kwamba Mama amefanikiwa kukuzuia usiingie chini ya magari ya watu. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio mgonjwa.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini, nikakujibu juu juu. Ni mshauri wa sayansi wa wapelelezi. Wakikuta damu, nywele au vipande vya kioo, nawaambia kipi kipelekwe maabara. Majibu yakirudi, nawaeleza yanathibitisha nini, na nini hayathibitishi. Hilo la mwisho ndilo lililonishinda.

Mwezi uliopita duka moja la vitambaa liliteketea, mlinzi wake akaungua vibaya mikono. Sakafuni ilikutwa petroli. Wakamkamata fundi wa gereji ya jirani, kwa kuwa aligombana na mwenye duka juu ya magari kuziba mlango. Shati lake likapimwa, nalo likakutwa na petroli.

Kwenye kikao, mkuu wa upelelezi aliniuliza kwa upole, "Lakini huyu ni fundi. Nguo zao si hunuka petroli siku zote?" Wote wakanigeukia. Nikajibu kwamba mambo ya gereji siyajui, ila petroli ni petroli, na shati limeshajieleza. Fundi akapelekwa mahabusu.

Mkewe alikuja ofisini na mtoto mgongoni. Hakulia wala hakugomba. Aliuliza tu kama angeruhusiwa kutuletea mashati mengine ya mumewe, maana anayafua yeye na harufu haitoki. Karani akamwambia ushahidi hauletwi kwenye mfuko wa nailoni. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, nikajifanya natafuta kalamu.

Baba, nilijua. Nimelelewa na harufu hiyo, nimesomeshwa na mikono hiyo, ningekosaje kujua? Nilinyamaza kwa sababu nilipoajiriwa niliwaambia wenzangu kuwa wewe ni mhandisi. Niliogopa wangeniuliza ya gereji nimeyajulia wapi. Nikamwacha mtu afungiwe ili nisionekane mtoto wa fundi.

Mwishowe nilirudi kwa mkuu na kumweleza yote mbele ya wenzangu, pamoja na kwamba wewe ni fundi wa magari. Nikashauri yapimwe mavazi ya mafundi wengine wa gereji ile. Yote yalikuwa na petroli, hata la yule aliyekuwa amelazwa hospitali siku ya moto. Kumbe shati lile halikuwa na la kutuambia. Kwa kuwa hapakuwa na ushahidi mwingine, fundi akaachiwa. Aliyechoma duka bado hajulikani, nami nimeondolewa kwenye kesi hiyo. Nilistahili.

Nilimsubiri mlangoni nimwombe radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakusema amenisamehe. Nilipompa mkono, alinyoosha kifundo cha mkono badala ya kiganja, kama mnavyofanya mkiwa na grisi. Viganja vyake vilikuwa safi, Baba. Havikuwa vimegusa gari kwa siku nyingi. Nilishindwa kumtazama usoni.

Msalimie Mama na wote wa nyumbani. Barua hii umsomee ukiona inafaa. Nataka kuja mwisho wa mwezi nikuombe radhi ana kwa ana, ila safari hii siji mpaka uniambie nije.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba wako