Njia ya Tatu Kushoto

Nyumba ya lango la bluu,
Nyuma ya kiwanda cha mbao.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa kaka yangu,

Kabla ya yote, goti linasemaje? Uliponipigia mwezi uliopita uliniambia ukipanda ngazi linalia kama mlango wa stoo. Natumaini limenyamaza kidogo, na kwamba wifi yangu na wanangu wote wawili ni wazima, na yule mdogo ameacha kulala na viatu. Sisi huku hatujambo. Cherehani yangu ni nzima, mgongo wangu nusu mzima, na baba anakula vizuri, anasikiliza redio na kubishana nayo, kwa hiyo ondoa shaka.

Nimemaliza sare arobaini za shule juzi, vidole vyangu vimetoboka kama chujio. Nilipaswa kupumzika. Badala yake nimekaa hapa kwenye meza ya kukatia vitambaa nakuandikia barua ya karatasi, kitu ambacho sijafanya tangu nisome darasa la saba. Utaelewa sababu ukifika mwisho.

Kwanza nina kosa la kukiri. Ile baiskeli yako ya mlimani, uliyoifunika shuka ukasema isiguswe na mtu, nimeigusa. Nimeigusa kila Jumamosi tangu mwezi wa tatu. Nimebadilisha mnyororo na tairi la nyuma, na pale kwenye fremu palipochubuka usiniulize sana. Aliyenipotosha ni rafiki yangu, muuguzi wa zahanati ya mtaa wetu. Mtaa mzima unamwita Breki, kwa sababu hana habari nazo.

Breki ana baiskeli yake mwenyewe na wazimu wake mwenyewe. Hataki njia iliyokwisha kupitwa. Akiona kinjia kinaingia msituni, hata kama ni cha mbuzi, lazima akifuate aone kinakotokea. Siku ya kwanza nilianguka mara nne. Alinifunga bandeji akiwa anacheka, akaniambia, “Wewe fundi, acha kulitazama jiwe. Ukilitazama utalifuata. Tazama unakotaka kupita.” Tangu hapo naanguka mara moja tu, na kwa heshima.

Lakini nisikudanganye. Mimi sikupanda mlima kwa ajili ya michezo. Nilipokuuliza kama utakuja likizo hii, ulinijibu, “Nije nisikilize hadithi?” Baba ana miaka sabini na tisa, kaka. Nilitaka kujua mwenyewe kama aliyotuambia ni hadithi au la, nikijua hivyo niache kukuomba uje, au nikuombe vizuri zaidi.

Unakumbuka alivyokuwa akisema. Njia ya tatu kushoto, ifuate ng'ambo ya mgongo wa mlima, utafika kwenye chemba ya maji, sanduku la saruji lenye mfuniko, aliyoijenga kwa mikono yake akiwa fundi bomba, mawingu yako chini ya miguu yako, na jina lako limeandikwa kwenye saruji. Uliyasimulia darasani, mwalimu akaona ni matembezi mazuri, darasa zima likapanda. Mimi nilikuwa na miaka mitano tu, lakini naliona hadi leo shati lako lilivyorudi limechanika mwiba kwa mwiba, na wale watoto nyuma yako wanaimba, “Njia ya mwongo fupi!” Ukasimama mlangoni, wageni wa baba wamekaa, ukamwambia neno ambalo mtoto hamwambii baba yake. Tangu siku ile hukumwamini kwa lolote, hata alipokuambia kweli.

Basi mwezi wa saba nilimwomba Breki tuijaribu njia ya tatu kushoto. Tuliihesabu kutoka barabarani, tukaingia. Mwanzo ilikuwa nzuri, udongo laini, mizizi inayokurusha kidogo. Halafu miiba. Halafu, baada ya dakika kumi, ukingo wa yale machimbo ya mawe ya zamani, na hakuna pa kwenda. Nilijua hapo hapo kwamba ndipo uliposimama na wenzako. Nililia, kaka. Breki alidhani nimeumia, akaanza kunipapasa mbavu. Sikumwambia kwamba ninamlilia baba, kwamba huenda ulikuwa sahihi miaka yote hii nami nikakuona una moyo mgumu.

Ningeishia hapo kama si dereva wa lori la mbao. Alikuja zahanati na jipu, Breki akalitumbua, naye kwa shukrani akasema Jumamosi analipandisha lori tupu mpaka kambi ya wakata miti kule kileleni, tukitaka tupakie baiskeli. Breki alikubali kabla hajamaliza sentensi. Kwa hiyo jana asubuhi, kwa mara ya kwanza, tuliuanza mlima kutoka juu.

Kaka, sijui nikueleze vipi. Baridi ilikuwa inauma masikio, na ukungu umeshikamana na misonobari hata hatukuona gurudumu la mbele. Tulipunguza upepo kidogo kwenye matairi ili yashike, tukateremsha viti, tukashuka. Kimya kitupu, isipokuwa matope yakirushwa na Breki akipiga kelele za furaha mahali fulani mbele yangu. Mara kelele zikakatika. Nikasikia chuma kikilia, ngaa!

Nilimkuta amekaa kwenye majani, mzima, anasugua kiwiko. Gurudumu lake lilikuwa limegonga bomba. Bomba la chuma, nene kama paja langu, limefunikwa na majani ya miaka na miaka, linakatiza na kuingia kwenye kinjia upande wa kushoto. Nilimwuliza ni njia ngapi tumezipita kushoto tangu kambini. Akahesabu kwa vidole, akasema mbili.

Nilimwambia, “Hii ni ya tatu.” Akanitazama kama mgonjwa wa homa, lakini ndivyo alivyo Breki, ukimpa njia haulizi sababu.

Tuliingia. Mwanzoni ni kinjia kama vingine. Baada ya kona ya pili, msitu unafunguka na unajikuta juu ya ukingo uliojengwa kwa mawe ubavuni mwa mlima. Jiwe juu ya jiwe, bila saruji, yamechaguliwa na kulala yalivyotakiwa, na upana wake ni mikono yangu miwili nikiinyoosha. Kushoto ukuta wa mwamba unatiririka maji. Kulia hakuna kitu. Niliendesha nikiwa nimeshika breki mpaka vidole vikafa ganzi, na kila nilipodhani ukingo utaisha, unazunguka kona na kuendelea. Breki alishuka akatembea. Narudia: Breki alishuka akatembea. Aliweka kiganja kwenye yale mawe akauliza ni watu wangapi walifanya kazi hii. Nikamwambia baba alikuwa akisema watatu, na mmoja alikuwa mpishi.

Halafu pepo zikatupiga usoni na mlima ukaisha. Kaka, mawingu yalikuwa chini. Si mbali chini, hapa hapa, chini ya soli za viatu, yamejaa bonde lote mpaka upande wa pili, meupe, yanasogea polepole sana. Jua liko juu yake na juu yetu. Nilivua kofia ngumu nikaishika mkononi bila kujua kwa nini. Nimekaa miaka arobaini na nne chini ya mawingu yale nikianika nguo na kuzianua, na sikujua yana mgongo mzuri namna ile. Tulisimama hivyo, watu wazima wawili wenye matope mpaka kwenye meno.

Chemba ipo. Imeota kuvu, mfuniko wake umeoza kwa kutu, lakini weka sikio utasikia maji. Nilikwangua kwa funguo za baiskeli. Mwandiko ni ule ule ulioko kwenye kopo la misumari la baba, ile M yenye mkia: BWANA MKUBWA, MIAKA 6. Hilo jina lako la nyumbani, alilokupa kwa kuwa ulikuwa ukitembea mikono nyuma. Chini yake pamelainishwa vizuri, hapana neno.

Nililia tena. Ndiyo, mwaka huu nimelia sana mlimani.

Nilipofika nyumbani baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Nilimwonyesha picha kwenye simu. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama maji bado yanapita. Nikasema yanapita. Akaikodolea macho muda mrefu, kisha akauliza, “Yule mtoto siku ile alihesabu kutoka wapi?”

Nikamwambia kutoka chini, baba, kutoka barabarani, kama mtu yeyote. Alizima redio. Alisema, “Fundi bomba hahesabu kutoka chini. Maji yanatoka juu. Njia zote tulizihesabu tukitoka kwenye chemchemi, kule juu penye kambi leo.” Akasema tena, “Nilimpa mtoto maelekezo ya mafundi. Na aliporudi sikumwuliza alipita wapi. Nilikasirika tu.”

Kuuliza si ujinga, tunasema kila siku, na nyumba nzima ikakaa karibu miaka arobaini bila kuuliza. Nilimwuliza pia kuhusu pale palipoachwa wazi chini ya jina lako. Akasema palikuwa pa mtoto wa pili, ila kazi ilikwisha kabla sijazaliwa. Kwa hiyo wewe una saruji juu ya mawingu na mimi nina nafasi. Tutalizungumza hilo ukija.

Picha ningeweza kukutumia kwa simu. Lakini ungeitazama ukiwa kwenye foleni, ukaguna, ukaendelea na mambo yako. Na kuna kitu kisichotumwa kwa simu, kimo humu ndani ya bahasha.

Leo baada ya chai baba aliniomba karatasi na penseli. Alikaa mpaka jua likahama dirishani. Karatasi tatu alizichana. Nilichungulia nikaona kwa nini: kila mara mkono wake ulianzia kwenye chemchemi, ukashuka kwa mazoea, akashtuka, akafuta. Ya nne ndiyo hii ramani iliyomo humu. Imeanzia kwenye lango letu la bluu, inapanda, na njia zote amezihesabu kutoka chini: njia ya tano, kulia. Usiibishie. Nimeifuata kwa kidole na ni sawasawa.

Nisalimie wifi, wabusu wanangu, na mwambie yule mdogo shangazi yake anaendesha baiskeli kuliko yeye. Breki anakusalimu ingawa hamjaonana, na ameapa kukuazima baiskeli yake, maana kwenye hii yako mimi sishuki. Dereva wa lori anasema kuna nafasi ya mtu mmoja zaidi, ila baba amekataa. Anasema wewe utataka kupanda kwa miguu yako. Mungu akulinde barabarani na akufungulie likizo.

Utaona kwenye karatasi vile viduara vidogo, kimoja kila baada ya kona mbili. Nilidhani ni chemba nyingine. Nilipomwuliza alijibu bila kuinua macho kwamba ni mahali pa kukaa, pa kupumzisha goti. Sikuwahi kumwambia habari za goti lako, kaka. Nadhani kila tunapozungumza kwa simu, huwa anaipunguza redio.

Wako akupendaye, mwenye nafasi kwenye saruji,
mdogo wako,
Pindo