Mapichi ya Mama

Andong,
24 Agosti 2016

Mpendwa mdogo wangu Yeon-suk,

Naomba barua hii ikukute mzima huko Brazili, wewe, shemeji na watoto. Kile kikohozi kimeisha? Mimi magoti yananisumbua, lakini kibovu zaidi ni moyo.

Juzi tulimfanyia mama ibada yake ya mwaka, ya siku aliyofariki, nyumbani kwa kaka Byeong-ho. Ndiyo ya mwisho. Kuanzia mwakani mama hana siku yake. Roho yake itaitwa kwenye meza ya ibada siku ya baba, kama mtu aliyefuatana na mwenye mwaliko. Kaka anasema mkewe amechoka kupika mara mbili. Kuchoka naelewa. Mama naye alichoka, akiwapikia wafu wa ukoo wa baba miaka arobaini, na hakuna aliyempunguzia hata mmoja.

Aliyeniudhi ni baba mdogo Hak-gyu. Unamjua, tangu astaafu kufundisha maandiko ya Konfusio hakuna anayepata nafasi ya kusema mbele yake. Alituketisha akatuhutubia. Eti Konfusio hakupenda habari za mizimu, na wanafalsafa waliokuja karne nyingi baadaye wakalifafanua jambo hilo vizuri: roho ni pumzi, mtu akifa inatawanyika kama moshi. Ibada ni ya kutunyoosha mioyo sisi tulio hai.

"Kwa hiyo tarehe ni tarehe tu," akasema. "Hakuna anayesubiri mlangoni."

Nikaenda jikoni, nikarudi na sahani ya mapichi. Unakumbuka mama alivyoyapenda, akiyala amesimama kando ya karai, maji yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Nikayaweka mezani, karibu na kikombe chake cha pombe.

Wee! Baba mdogo aliruka, na uzee wake wote ule.

"Toa hayo! Una wazimu? Pichi linafukuza roho!"

"Si umesema hakuna anayekuja? Sasa atafukuzwa nani?"

"Usinijibu hivyo, wewe mtoto! Ndivyo ilivyo tangu zamani, hata Konfusio hajazaliwa."

"Basi tangu zamani kuna mtu aliyesubiriwa, baba mdogo. Na mama naye asubiriwe."

Kaka akaiondoa sahani mwenyewe, wala hakunitazama. Kisha wakafungua mlango ili mama aingie, kama kawaida. Ndiyo, mlango waliufungua! Na uamuzi wao ukabaki palepale.

Nina uchungu, Yeon-suk, sikufichi. Wakitaka kumnyang'anya mama siku yake, roho ni moshi. Wakiogopa, roho ina macho na miguu. Elimu yote hiyo, na kila mara anayeumia ni yeye.

Msalimie shemeji, na umbusu Min-a kwa niaba yangu. Shangazi Bun-i anakusalimu sana. Yeye peke yake ndiye aliyenishika mkono siku ile. Mbingu ziwalinde nyote.

Neno moja la mwisho. Kabla ya kuondoka nilichukua mapichi mawili, nikayaficha jikoni kwa kaka, nyuma ya mtungi wa mchuzi wa soya ambao mama aliuinamia maisha yake yote. Kama kweli yanafukuza roho, basi na yamfukuze kutoka jiko lile. Mlango wangu nimeuacha wazi. Nawe acha wako. Njia ya Brazili haijui, lakini safari hii hapiki kwa ajili ya mtu yeyote, ana muda wa kuitafuta.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kama alivyokupenda yeye,
Ok-hwa